Tulivyokesha Kahororo

Wengi wenu mnaoifahamu Bukoba mnaijua Kahororo kwa sababu ya shule yake ya sekondari. Sisi tunaijua kwa miguu. Kwa miaka mingi kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, ambamo baadhi yetu ni wauguzi, kimekuwa kikienda huko kuwatembelea wagonjwa na wazee majumbani mwao. Ukiziacha kelele za pikipiki na maduka ya mjini, hupiti muda mrefu kabla hujaingia katika migomba. Kibanja kimoja kimeshikana na kingine, mibuni imesimama chini ya migomba, maharage yametambaa chini ya mibuni, na nyumba huioni mpaka umekwisha kufika mlangoni na mbwa amekwisha kukutangaza.

Kitu kimoja humshangaza mgeni anayefika kwetu mara ya kwanza, nacho ni makaburi. Sisi watu wa Kagera huzika ndani ya kibanja, karibu na nyumba, ili marehemu abaki na watu wake. Ukitembea taratibu ukazisoma tarehe zilizoandikwa kwenye saruji, utafanya hesabu bila kuambiwa na mtu. Huyu alizaliwa 1960, akafariki 1988. Huyu 1965, akafariki 1991. Mkewe alimfuata baada ya mwaka mmoja. Wazee wamezika vijana.

Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikua pamoja na jambo hilo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na wakati huo watu hawakuwa na jina la kuupa ugonjwa. Wakauita Juliana, ambalo lilikuwa jina la kitambaa cha fahari kilichokuwa kikiingia kwa magendo kutoka Uganda. Waliokivaa walikuwa watu wenye fedha na vijana waliopenda kupendeza, na watu waliona kwamba hao hao ndio wanaokonda. Wengine walisema ni kulogwa. Katika matangazo ya msiba ilisemwa kwamba marehemu amefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu, na hapo maneno yalikomea.

Tumeanza na makaburi ili mwelewe yaliyotupata usiku mmoja tulipokuwa Kahororo, tukitazama sherehe ya tuzo za sinema ya huko Marekani. Tunayaandika kwa ruhusa ya wenye nyumba.

Saa kumi na nusu alfajiri

Ilikuwa Jumapili, tarehe 2 Machi 2014. Bibi mmoja mjane, mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini, alikuwa ametoka hospitali baada ya kuugua nimonia. Alikuwa bado dhaifu, na nyumbani alikuwa na mjukuu wake tu, kijana wa miaka 22 aliyekuwa mwanafunzi wa chuo. Tukapanga zamu ya kukesha, na usiku huo tulikuwa watatu. Tulimlaza Bibi sebuleni, godoro likiwa juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni kwa desturi ya zamani, maana alipenda harufu yake na hakutaka kulala peke yake chumbani.

Kijana akatuamkia kwa heshima, kisha akaomba ruhusa. "Mama zangu, naomba saa kumi na nusu niwashe televisheni. Sauti nitaiweka chini."

Tukadhani ni mpira. Akacheka. "Si mpira, mama. Ni Oscar. Kuna dada wa Kenya anaitwa Lupita Nyong'o, huenda akapata."

Sisi si watu wa sinema. Mmoja wetu aliingia jumba la sinema mara moja tu maishani mwake. Lakini anayekesha na mgonjwa hushukuru chochote kitakachomzuia asisinzie, kwa hiyo tulikubali. Saa ilipofika, huko Los Angeles ilikuwa Jumapili jioni na kwetu ilikuwa Jumatatu kabla ya jogoo wa pili. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya migomba.

Maoni yetu ya mwanzo yalikuwa ya akina mama watupu. Magauni yalikuwa mazuri, lakini mengine yalisahauliwa mgongoni, na tulimwonea huruma aliyeyavaa kwa baridi. Tulishangaa kuona watu wenye fedha kiasi kile wakikaa saa tatu na nusu bila kuandaliwa chakula. Huku kwetu sherehe ya namna hiyo ingemwaibisha mwenyeji. Tulicheka sana pale mshereheshaji, Ellen DeGeneres, alipoagiza piza na kuanza kuwagawia wakubwa wale kwa sahani za karatasi, nao wakala kwa furaha kama watoto wa shule ya Jumapili. Hiyo tuzo yenyewe ni sanamu ndogo iliyopakwa dhahabu. Ina urefu wa sentimita 34 hivi na uzito unaokaribia kilo 4. Mmoja wetu, ambaye ni mkunga, alisema huyo ni mtoto mchanga mnene, na ndiyo maana wanaipakata vile.

"Yule ana Juliana"

Tuzo ya kwanza ya usiku ule ilikuwa ya mwigizaji msaidizi wa kiume. Kijana alitueleza kwamba kati ya waliotajwa yumo Msomali mmoja, Barkhad Abdi, aliyezaliwa Mogadishu na kuwahi kufanya kazi ya udereva huko Minnesota kabla ya kuigiza mharamia katika sinema ya *Captain Phillips*. Papo hapo tukawa upande wa Msomali. Jirani ni jirani.

Wakaonyesha vipande vifupi vya sinema za wote waliotajwa. Katika kipande kimoja alitokea mtu aliyejipamba kike, mashavu yamebonyea, mifupa ya mabega imesimama. Tulidhani Bibi amelala. Kumbe alikuwa ameinua kichwa.

Aliyeshinda ni huyo huyo aliyekonda, naye anaitwa Jared Leto, kwa sinema ya *Dallas Buyers Club*. Alipopanda jukwaani alikuwa mtu mwenye afya, na nywele ndefu zimeshuka mabegani. Kijana akawa anatutafsiria polepole. Alimshukuru mama yake, ambaye aliacha shule akiwa msichana, akapata mimba ya mtoto wa pili akiwa bado kijana, akawalea wanawe peke yake. Hapo tulimpigia makofi ya chini chini. Mwishoni akasema tuzo ile ni kwa ajili ya watu milioni 36 waliokwisha kushindwa katika mapambano na UKIMWI.

Haukupita muda mrefu umeme ukakatika. Tukabaki gizani, tukisikia mvua tu. Mmoja wetu alikuwa akipapasa kutafuta kiberiti Bibi aliposema, "Yule aliyekonda, ni mgonjwa kweli?"

"Hapana, Bibi," akajibu mjukuu. "Ni mwigizaji. Alijikondesha kwa makusudi ili afanane na mgonjwa."

"Nilimjua kabla hujasema. Yule ana Juliana." Akanyamaza kidogo, akivuta pumzi. "Baba yako alikuwa hivyo hivyo."

Aliyeshika kiberiti hakukiwasha. Nyuma ya nyumba ile yako makaburi matano: ya wanawe watatu na ya wake zao wawili. Sisi tulijua waliugua nini. Majirani wote walijua. Lakini katika nyumba ile, tangu mwana wa kwanza alipozikwa mwaka 1988, jina la ugonjwa halikuwahi kutamkwa. Kijana alikuwa ameambiwa kwamba baba yake alifariki kwa malaria mwaka 1995, na mama yake kwa huzuni mwaka uliofuata.

"Na mama?" akauliza.

"Na mama yako."

Ikapita kama dakika nzima. "Na mimi je, Bibi?"

"Sijui, mjukuu wangu. Niliogopa kukupeleka. Nilisema, nikiambiwa na huyu pia, nitasimama na nini?"

Tumefanya kazi wodini miaka mingi, tumetoa habari nyingi ngumu, lakini hatukuwa tumejiandaa kwa swali lile. Tulimweleza gizani yale tuyajuayo: kwamba si kila mtoto wa mama mwenye virusi huambukizwa, kwamba hata katika miaka ile isiyokuwa na kinga yoyote, walioambukizwa walikuwa kati ya 15 na 45 katika kila watoto 100, kwamba mtu aliyefika miaka 22 bila kuugua ana sababu nzuri ya kutumaini, na kwamba kipimo ndicho pekee kitakachosema, na majibu yoyote yale si hukumu, kwa sababu dawa za kupunguza makali zimekuwa zikitolewa bure nchini mwetu tangu mwaka 2004.

Bibi naye alisimulia. Alisimulia alivyowaosha wanawe akiwa amevaa mifuko ya nailoni mikononi kwa kukosa glavu, alivyowalisha uji kijiko kwa kijiko, alivyofua mashuka usiku ili majirani wasihesabu mara ngapi ameyaanika. Hakulia. Alisema kama mtu anayetua mzigo alioubeba kutoka mbali.

Binti wa ng'ambo ya ziwa

Umeme uliporudi tulidhani hakuna atakayetaka tena televisheni. Bibi ndiye aliyesema, "Washa, tumwone huyo Mkenya wako."

Tulimwona. Lupita Nyong'o alizaliwa Meksiko wazazi wake wakiwa huko, akakulia Kenya. Baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, wakati ule alikuwa seneta wa Kisumu. Bibi aliposikia Kisumu alisema, "Basi ni mtoto wa ziwa letu," na kuanzia hapo hatukuruhusiwa kumwita mgeni. Alivaa gauni la samawati nyepesi, rangi aliyosema inamkumbusha Nairobi, na utepe mwembamba kichwani. Gauni lile lilimkaa vizuri, na hata aliyekuwa ameyasema magauni ya wenzake alikubali.

Lupita alishinda tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa sinema ya *12 Years a Slave*. Ndani yake aliigiza mtumwa aitwaye Patsey, mwanamke aliyeishi kweli na ambaye mateso yake yaliandikwa na Solomon Northup katika kitabu cha mwaka 1853. Tulingoja kusikia furaha tupu. Lakini jambo alilolitanguliza, baada ya kuishukuru kamati, ni kwamba hasahau hata dakika moja kuwa furaha kubwa kiasi kile katika maisha yake imetokana na maumivu makubwa katika maisha ya mtu mwingine. Akamsalimu Patsey kwa jina.

Kijana alipomaliza kutafsiri, Bibi alisema neno moja tu: "Amesema kweli."

Hapo ndipo tulipolipata jibu la swali lililokuwa likitusumbua tangu tuzo ya kwanza. Tulikuwa tukijiuliza, ni haki gani hii? Mtu anakonda kwa makusudi miezi michache, anapewa dhahabu. Wengine walikonda bila kupenda, na waliowauguza hawakupewa hata glavu. Matthew McConaughey, aliyekuja kushinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa sinema hiyo hiyo ya UKIMWI, alipunguza takriban kilo 20. Waliowapaka rangi waigizaji ili ngozi zao zionekane za wagonjwa nao walipata tuzo, na inaelezwa kwamba bajeti yao ilikuwa dola 250 tu. Sisi tuliowahi kuona ngozi za namna ile bila rangi ya kupaka, tungeweza kukasirika.

Lakini mwigizaji hajaiba kitu akikumbuka ameazima kwa nani. Lupita alikumbuka. Leto alikumbuka. Na Steve McQueen, mwongozaji wa *12 Years a Slave*, sinema yake ilipotangazwa kuwa bora kuliko zote usiku ule, aliitoa kwa wote walioonja utumwa na kwa watu milioni 21 aliosema wangali katika utumwa hata siku hiyo. Hilo ndilo tuliloliona kuwa zuri katika sherehe ile, kuliko magauni na vicheko. Jambo ambalo katika nyumba ya Kahororo lilifichwa miaka 26 lilisemwa kwenye jukwaa lile kwa sauti ya kawaida, na wasikilizaji wakasimama kwa heshima.

Kulipokucha

Wawili wetu walilazimika kuwahi zamu ya asubuhi, kwa hiyo sehemu ya mwisho tulisimuliwa na aliyebaki akikoroga uji. McConaughey alimtaja Mungu kwanza, akasema ndiye anayemtazamia, na Bibi akaitikia "Amina" kutoka godoroni. Kabla ya hapo majina na picha za watu wa sinema waliofariki mwaka ule vilipitishwa taratibu, kama tunavyosoma majina ya marehemu wetu kanisani. Bibi aliuliza, "Wanasema walikufa kwa nini?" Kijana akasema hapana, wanataja jina tu. "Jina tu ni mwanzo," akasema Bibi.

Ijumaa ya wiki hiyo kijana alikwenda kupima, na mmoja wetu akamsindikiza hadi mlangoni. Msomaji atataka kujua majibu. Majibu ni mali yake, nasi tuliapa kutunza siri za wagonjwa, kwa hiyo hatuyaandiki. Tunachoweza kusema ni kwamba alitoka akiwa amenyoosha mgongo, akatuomba tumsindikize sokoni akamnunulie Bibi samaki.

Baadaye alituletea diski ya *Dallas Buyers Club*, tukaitazama kwa vipande, maana ina mambo mengi ambayo si ya kutazama na watoto. Ni habari ya Ron Woodroof, fundi umeme wa Texas aliyeambiwa mwaka 1985 kwamba amebakiwa na siku 30. Alianza kuvusha dawa kwa magendo kutoka Meksiko kwa ajili yake na wagonjwa wenzake, akaishi hadi mwaka 1992. Tulitazamana. Mpakani kwetu magendo yaliuletea ugonjwa jina. Mpakani kwao magendo yalileta dawa. Mwaka ni ule ule, hofu ni ile ile, na majirani wanaokataa kushikana mikono ni wale wale.

Wala si kweli kwamba sisi wenyewe hatukuwahi kulitengenezea sinema. Josiah Kibira, Mtanzania aliyekuwa akiishi Minnesota na ambaye jina lake kila mtu wa Bukoba analitambua, alitoa mwaka 2005 sinema ya Kiswahili iitwayo *Tusamehe*, juu ya familia ya Kitanzania ughaibuni inayoingiliwa na UKIMWI. Naye Lupita mwenyewe, kabla ya kujulikana duniani, mwaka 2009 aliigiza katika *Shuga*, tamthilia ya vijana wa Nairobi na hatari ya virusi. Nasi Zanzibar tuna tamasha la filamu linalotoa tuzo ya Jahazi la Dhahabu. Tungependa siku moja sinema inayohusu mama wa Kahororo mwenye mifuko ya nailoni mikononi ipelekwe huko. Atakayeigiza nafasi hiyo hatalazimika kukonda, bali atajifunza kufua usiku.

Kahororo leo

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lililoitikisa Bukoba liliipasua nyumba ya Bibi ukutani, na televisheni ile ikaanguka ikavunjika. Bibi alitoka mzima. Alifariki miaka miwili baadaye, akazikwa kando ya wanawe. Mazishini mjukuu wake aliposoma wasifu, aliwataja wazazi wake na baba zake, akasema waliugua nini, akasema ni nani aliyewauguza. Watu walinyamaza kwanza. Kisha mzee mmoja akasimama na kumtaja mwanawe. Akasimama mama mmoja akamtaja dada yake. Ibada ilichelewa kwa karibu saa nzima, na hakuna aliyelalamika.

Tukipita Kahororo siku hizi bado tunaingia kwenye kibanja kile. Kijana sasa ni baba wa watoto wawili, na mkubwa wao amekwisha anza kusoma tarehe kwenye saruji na kuuliza maswali. Anajibiwa.

Mama mwenzetu unayesoma ukurasa huu, huenda nyumbani kwako pia kuna kaburi ambalo watoto hawajaelezwa habari zake, na swali ambalo mtoto analala nalo kila usiku bila kukuambia. Usingoje sinema. Usingoje umeme ukatike. Jioni moja, kazi zikiisha, mkalishe karibu nawe umwambie. Na akikuuliza "Na mimi je?", mshike mkono mwende pamoja kituo cha afya. Huko atawakuta wauguzi, nao hawatashtuka.